Disko la mahafali: mwongozo kwa msichana wa sekondari

Nafasi za kucheza muziki shuleni si nyingi. Katika sekondari za Tanzania zipo sherehe za kuwakaribisha wanafunzi wapya, zipo jioni za kufunga muhula katika shule za bweni, na kubwa kuliko zote ni mahafali ya kidato cha nne, ambayo kwa kawaida hufanyika Septemba au Oktoba, wiki chache kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba. Mchana ni risala, vyeti, mgeni rasmi na mashada ya shingoni. Jioni, kwa shule inayoruhusu, meza husogezwa ukutani, bwalo likageuka ukumbi, na spika zikaanza kutoa singeli na amapiano.

Hapo ndipo maswali ya msichana yaliyolala mwaka mzima huamka kwa pamoja. Yule kijana wa mkondo B atakuja kuomba kucheza? Shoga atakaa naye, au atamwacha mlangoni? Gauni la dada litamtosha? Baada ya kueleza wasiwasi wenyewe, mwongozo huu unaanza na marafiki, unafuata na mapenzi, kisha unaingia kwenye siku yenyewe. Marafiki wametangulizwa kwa makusudi. Wasichana wengi hujiandaa kuumizwa na mvulana usiku wa disko, kumbe machozi ya usiku huo mara nyingi huletwa na shoga.

Kwa nini wasiwasi huwa mkubwa hivi

Shirika la Afya Duniani huhesabu ujana wa kubalehe kuanzia miaka 10 hadi 19. Katika miaka hiyo homoni hubadili mwili upesi, na sehemu za ubongo zinazohusika na hisia hutangulia kukomaa, ilhali zile za kupima matokeo huendelea kukua hadi miaka ya ishirini na kitu. Ndiyo maana hisia hufika kabla ya hoja. Huo ni utaratibu wa ukuaji, si upungufu wa akili wala ukosefu wa malezi.

Liko pia jambo alilolieleza mwanasaikolojia wa Marekani David Elkind mwaka 1967: kijana hujiona yuko jukwaani mbele ya hadhira aliyoiunda mwenyewe kichwani. Chunusi moja kwenye paji la uso huonekana kama tangazo la ukutani. Ukweli ni kwamba kila aliyemo bwaloni anafikiria chunusi yake, viatu vyake na jasho lake, hata yule anayecheka kwa sauti kuliko wote.

Wasiwasi usiotajwa kwa jina hukua, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuutenganisha:

1. Msichana aandike kwenye karatasi kila kinachomsumbua kuhusu siku ile, bila kupanga.
2. Kila jambo lipewe alama: R kwa la rafiki, M kwa la mapenzi, S kwa la siku yenyewe, kama nguo, fedha au usafiri.
3. Mambo ya S yashughulikiwe wiki hiyo hiyo, maana mengi huisha kwa kuuliza tu. Nusu ya karatasi ikishafutwa, iliyobaki husomeka vizuri zaidi.
4. Karatasi ichanwe. Bwenini au nyumbani kwenye wadogo wengi, karatasi ya siri huwa na wasomaji wengi kuliko gazeti.

Marafiki kwanza

Ugomvi wa kabla ya mahafali una vyanzo vinavyojirudia, na cha kwanza ni sare. Wasichana watano hukubaliana kushona kitenge kimoja. Mmoja hana fedha ila anaona aibu kusema, anakubali, siku zinakwenda, fundi anataka kulipwa, na anaanza kuwakwepa wenzake. Wenzake nao wanadhani ana maringo. Hakuna aliyekosa, lakini kundi limevunjika.

Dawa yake ni kusema mapema, wakati kitambaa hakijanunuliwa. Asiye na fedha aseme wazi kwa mmoja anayemwamini kuliko wote, kisha waende pamoja kwa wengine na pendekezo mkononi: badala ya gauni zima, iwe kilemba, mkanda au ua la nywele la kitambaa kimoja. Hata kundi lenye fedha hufaidika na pendekezo hilo, maana wazazi wameshalipa mchango wa mahafali na pengine kodi ya joho. Na mwenye uwezo asimlipie mwenzake mbele ya watu. Msaada uliotangazwa huwa deni.

Chanzo cha pili ni kuachwa. Shoga amepata mvulana, na ghafla hana muda wa kukaa chini ya mwembe mapumziko. Msichana aliyeachwa hufanya moja kati ya makosa mawili: humsema vibaya huyo mvulana, au hunyamaza akaanza kununa. Yote mawili humsogeza shoga mbali zaidi. Kinachofaa ni kutaja jambo moja dogo linalotekelezeka, si kulalamikia urafiki mzima. "Ijumaa twende wote kwa fundi" hujibika. "Siku hizi umebadilika" haijibiki, huzaa ubishi tu.

Cha tatu ndicho kigumu: wawili kumpenda kijana mmoja. Hapa taratibu husaidia kuliko ushujaa.

1. Aliyegundua kwanza amwambie mwenzake, ana kwa ana, kabla mwenzake hajasikia kwa mtu wa tatu. Ujumbe wa simu haufai, kwa kuwa husambazwa.
2. Asiulize "nani ana haki zaidi." Kijana si zamu ya bombani kwamba aliyewahi kupanga ndoo ndiye achote kwanza. Naye ana hiari yake, na pengine hamtaki yeyote kati yao.
3. Wakubaliane jambo moja la kulinda urafiki: kutosemana kwa wengine, na kutotumia siri za zamani kama silaha.
4. Kijana akimchagua mmoja, mwingine apewe muda wa kuwa mbali. Wiki mbili za ukimya zisihesabiwe uadui.
5. Kijana akiwagonganisha kwa makusudi, kila mmoja akimwambia yeye ndiye pekee, jibu limeshapatikana kwa wote wawili.

Kuhusu umbea, kosa la kawaida ni kwenda kwa kila mtu kukanusha. Kila ukanushaji huwapa habari wale ambao hawakuwa nayo. Inatosha kumwendea aliyeanzisha, akiwa peke yake, kumwambia lililosemwa si kweli na kwamba limeumiza, kisha kuwaeleza ukweli marafiki wawili watatu wa karibu. Uvumi ukigusa heshima ya mwili au kutishia usalama, hilo si la kumalizwa na wanafunzi: lipelekwe kwa matroni au mwalimu wa malezi siku hiyo hiyo.

> Maneno yanayoweza kutumika
>
> Kwa shoga aliyechukia: "Naona tangu Jumatatu hatuko sawa. Kama nimekukosea niambie, nataka nijue."
>
> Kwa anayeleta umbea: "Hilo sitaki kulisikia, mwenyewe hayupo."
>
> Kwa kundi la sare: "Gauni sitaliweza. Kilemba naweza. Tufanyeje?"
>
> Kwa rafiki anayelazimisha: "Wewe nenda naye, mimi nitakusubiri hapa kwenye benchi."

Kumpenda mtu, kupendwa, kukataa na kukataliwa

Moyo kudunda mtu anapopita dirishani si dhambi wala si ahadi. Hisia za namna hii huja kwa vijana karibu wote, na nyingi huondoka zenyewe muhula ukiisha. Msichana hana haja ya kuzitekeleza ili zithibitike kuwa za kweli. Anaweza kumpenda mtu mwaka mzima asimwambie, na hakuna kilichoharibika. Wapo pia wasiovutiwa na yeyote, wakajiona wamechelewa. Hawajachelewa, jambo hili halina tarehe ya mwisho kama fomu ya mtihani.

Akitaka kujua kama kijana anafaa hata kwa urafiki wa kawaida, maneno yake matamu yasihesabiwe. Yaangaliwe haya: anawaongeleaje wasichana wengine wasipokuwepo, anafanya nini akiambiwa "hapana" kwenye jambo dogo, mfano kuazima daftari, anamheshimu au anamdhihaki mbele ya wenzake, anataka siri au hajali kuonekana. Anayesema "usimwambie mtu kwamba tunaongea" hampendi kwa siri, anajiwekea njia ya kukana.

Kijana akiomba kucheza naye siku ya mahafali, jibu la ndiyo ni la wimbo huo tu. Halimfungi kukaa naye usiku kucha, kushikwa asikotaka, kupiga naye picha wala kuwa mpenzi wake. Jibu la hapana nalo halihitaji sababu. Wasichana wengi huzunguka: "labda baadaye", "kichwa kinauma", "nitakuja". Huo ni upole wenye gharama, maana kijana husubiri, hurudi, na mara ya tatu hukataliwa mbele ya watu. Hapana fupi ya mwanzo humstahi zaidi.

Utaratibu wa kukataa:

1. Asimame wima, amtazame, aseme: "Asante, lakini sitacheza."
2. Akiulizwa kwa nini, arudie maneno yale yale. Sababu mpya ni mlango mpya wa kubembelezwa.
3. Aondoke kuelekea walipo watu, si nje wala nyuma ya ukumbi.
4. Akifuatwa, amwambie mwalimu wa zamu bila kungoja hadi mwisho.
5. Asiende kulisimulia kwa vicheko. Kijana aliyekuja kuomba kwa adabu alihitaji ujasiri, na heshima yake ibaki kwake.

Na akikataliwa yeye? Maana wasichana nao huvutiwa na huomba, hata kama mila nyingi za kwetu huwataka wangoje. Aseme "sawa" na kuondoka. Asimtume mtu kuuliza upya, asiandike barua ndefu usiku ule, asifute namba kwa hasira halafu aitafute asubuhi. Maumivu hayo ni ya kweli na huwa makali kwa siku chache. Chakula, usingizi na mtu mmoja wa kumsikiliza bila kumcheka husaidia kuliko ushauri mwingi. Huzuni ikizidi wiki mbili, akawa hali, halali au anafikiria kujidhuru, mtu mzima aambiwe siku hiyo hiyo.

Kuomba ruhusa nyumbani

Kwa wanaosoma kutwa, mlango mgumu kuliko wote ni wa baba. Kosa kubwa ni kuomba siku yenyewe, mbele ya wageni, kwa hesabu kwamba wazazi wataona haya kukataa. Ruhusa iliyonyakuliwa huzaa mashaka ya mwaka mzima.

Iombwe mapema, jioni iliyotulia, baada ya shikamoo na si katikati ya kazi, pamoja na majibu ya maswali ambayo mzazi atauliza: wapi, nani anasimamia, inaanza na kwisha saa ngapi, nani atamrudisha. Msichana akiona hawezi kumkabili mzazi moja kwa moja, njia ya kupitia shangazi, bibi au mama mdogo ni ya heshima na ina historia. Pwani, somo ndiye aliyekuwa akimfunda mwali mambo ambayo mama hakuyasema. Ndugu wa aina hiyo bado yupo katika familia nyingi, hata asipoitwa kwa jina hilo.

Mzazi akikataa kwa sababu ya dini au ya usalama, yapo ya katikati ya kupendekezwa: kuhudhuria sherehe ya mchana na kuondoka kabla ya muziki, au kwenda na kaka. Kutoroka ndilo jambo baya kuliko yote, na si kwa sababu ya adhabu. Aliyetoroka akipatwa na shida huogopa kupiga simu nyumbani. Asiyetaka kwenda kwa hiari yake, iwe kwa imani au kwa kutopenda kelele, naye hana wa kumwomba radhi.

Siku yenyewe

Nguo ijaribiwe siku tatu kabla, na ijaribiwe kwa kucheza: kuinama, kuinua mikono, kukaa. Gauni linaloshikwa kila dakika lisipande humnyima mtu raha yote. Viatu vipya vivaliwe nyumbani siku mbili, la sivyo malengelenge yatampeleka kwenye kiti wimbo wa pili. Krimu mpya ya uso isijaribiwe wiki hiyo, hasa zile za kung'arisha ngozi. Nyingine zina zebaki au haidrokwinoni, na Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye viambato hivyo.

Hedhi huwaogofya wengi, na mzunguko wa miaka ya mwanzo mara nyingi haufuati kalenda. Pedi mbili na chupi moja ya akiba kwenye mfuko mdogo humaliza hofu hiyo, na kama si zake zitamwokoa mwingine.

Kucheza kwenyewe hakuhitaji kipaji. Nyimbo za kwaito, ambazo watu hucheza kwa mistari wakigeuka pamoja, ndizo rafiki wa asiyejua: asimame mstari wa pili au wa tatu, atazame miguu ya aliye mbele, na mzunguko wa nne atakuwa ameshika. Aanze na wenzake watatu wanne. Hakuna sheria inayosema lazima mwanamume acheze na mwanamke, na kusema kweli duara la wasichana ndilo huwa na furaha kuliko jozi zinazokanyagana katikati ya ukumbi.

> Orodha ya kukagua kabla ya kutoka
>
> ☐ Mtu mmoja nyumbani anajua mahali, saa ya kurudi na nani anarudi naye
>
> ☐ Nauli ya kwenda na kurudi, imetengwa na fedha ya soda
>
> ☐ Namba mbili za simu zimeandikwa kwenye karatasi, si kwenye simu tu
>
> ☐ Pedi, kitambaa cha jasho, khanga au sweta ya kujifunika njiani
>
> ☐ Rafiki mmoja wa kuingia na kutoka naye, na ishara ya "tuondoke" waliyokubaliana
>
> ☐ Chakula kimeliwa. Jua la Septemba na njaa huangusha watu kwenye sherehe ya mchana

Soda inywewe iliyofunguliwa mbele ya mnywaji. Chupa iliyoachwa mezani ikabaki peke yake isirudiwe. Anayetoka nje kupunga upepo atoke na mwenzake. Katika sherehe zenye kadi za mwaliko hupenya watu wanaojitambulisha kama "kaka" au "binamu" wa mwanafunzi fulani. Msichana asikubali kuingizwa katika uongo huo hata kwa kuombwa na shoga, kwa kuwa mlinzi akiuliza, jina lake ndilo lililotajwa.

Kurudi ndiyo saa ya hatari zaidi. Lifti ya bodaboda isiyolipwa, chipsi zisizoombwa na vocha iliyotumwa bila sababu ni malipo ya awali ya jambo ambalo bado halijatajwa.

Simu na picha

Shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, lakini siku ya mahafali simu za wageni hujaa. Picha ya pamoja ni kumbukumbu nzuri. Picha ya mwili usio na nguo, kwa yeyote, hata anayeapa kuifuta, isipigwe wala isitumwe. Anayesema "ungenipenda ungetuma" ameshaonyesha atakavyoitumia siku wakikosana. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuchapisha picha za ngono za watoto, na mwanafunzi wa chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria.

Picha ikishavuja: asimlipe anayemtisha, maana atarudi, asifute ujumbe wa vitisho, ndio ushahidi, ampe mtu mzima simu jinsi ilivyo. Rafiki anayepokea picha ya mwenzake asiisambaze hata kwa mtu mmoja kwa ajili ya kumwonyesha tu.

Pale ambapo si mapenzi tena

Yote yaliyotangulia yanahusu vijana wa rika moja. Mwanamume mtu mzima anayemtaka mwanafunzi, awe dereva, mfanyabiashara, jirani au mwalimu, yuko katika fungu jingine kabisa. Kwa sheria za Tanzania, ridhaa ya msichana aliye chini ya miaka 18 haihesabiwi katika kosa la kubaka, na Sheria ya Elimu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari. Msichana hana haja ya kukariri vifungu. Ajue tu kwamba kosa si lake, hata kama alikubali zawadi, hata kama alikwenda mwenyewe.

Akilazimishwa au kuingiliwa, hatua zifuate haraka:

1. Aende mahali penye mtu anayemwamini: mama, matroni, mwalimu wa kike, jirani.
2. Asioge wala kufua nguo alizovaa, hata kama anatamani sana. Zitiwe kwenye mfuko wa karatasi.
3. Afike hospitali mapema iwezekanavyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayotangulia ina faida.
4. Taarifa itolewe Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, ambako hutolewa fomu ya PF3. Baadhi ya hospitali zina vituo vya mkono kwa mkono, vyenye huduma hizo mahali pamoja.
5. Namba 116 ni ya msaada kwa mtoto, na haina malipo. Kenya na Uganda nazo zina huduma ya watoto kwa namba hiyo hiyo.

Jumatatu baada ya mahafali

Shuleni hadithi zitakuwa nyingi kuliko yaliyotokea. Nani alicheza na nani, nani alilia, nani alivaa nini. Moto huo huzimika baada ya siku nne tano usipochochewa. Kama kuna aliyekosewa usiku ule, aombwe radhi wiki hiyo, kwa maneno machache na bila "lakini". Kama kuna deni la sare, lilipwe.

Kwa kidato cha nne, wiki zinazofuata ni za mtihani, na kundi lile lile la kitenge ndilo linalofaa kugeuzwa kundi la kujisomea: saa na mahali pale pale kila jioni, kila mmoja akifundisha somo analoliweza. Kijana wa mkondo B, kama bado anaongea naye, anaweza kuja na daftari lake la hesabu.